Raga Nakuru: Kwa nini ubingwa wa msimu mzima huamuliwa kwa dakika 80

MPENZI wa kandanda mjini Nakuru amezoea kumtambua bingwa kwa kujumlisha. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi iliyokuwa ikichezea mechi zake za nyumbani katika uwanja wa Afraha, ilipotwaa Ligi Kuu mwaka wa 2010, haikucheza fainali yoyote. Pointi zilihesabiwa tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho, na aliyekuwa kileleni akakabidhiwa kombe.

Mpenzi wa raga wa mji huohuo huishi kwa sheria nyingine kabisa. Timu yake yaweza kuongoza jedwali kuanzia Novemba, ikawachapa wapinzani nyumbani na ugenini, kisha ikapoteza kila kitu katika alasiri moja ya Jumamosi kwa sababu ya mpira mmoja uliotoka mikononi. Katika raga ya Kenya, jedwali humchagua anayestahili kugombea ubingwa. Bingwa mwenyewe huchaguliwa na fainali.

Utaratibu huo ndio uliowapa Nakuru RFC, maarufu kama Wanyore, taji la Kenya Cup katika msimu wa 2012/13, wakalihifadhi katika msimu wa 2013/14. Ilikuwa mara ya kwanza kombe hilo, lililoanza kushindaniwa mwaka wa 1970, kutoka nje ya jiji la Nairobi. Kwa zaidi ya miaka 40 lilikuwa limezunguka miongoni mwa klabu za Nairobi: Nondescripts, Impala, Kenya Harlequin, Mwamba, KCB na nyinginezo. Ghafla likapanda barabara ya Naivasha na Gilgil, likafika chini ya mlima Menengai, na likakaa huko misimu miwili.

Je, taji la aina hii hupatikana vipi? Kwa miaka mingi ya karibuni Kenya Cup imekuwa na timu 12. Ushindi huleta pointi nne na sare mbili. Juu ya hizo kuna pointi za bonasi: moja kwa timu inayofunga trai nne au zaidi katika mechi moja, na moja kwa timu inayoshindwa kwa tofauti isiyozidi alama saba. Kwa hivyo timu yaweza kutoka uwanjani na pointi tano kamili, na yaweza kushindwa na bado ikarudi nyumbani na pointi moja au hata mbili.

Mwisho wa msimu wa kawaida, timu sita za kwanza huingia hatua ya mchujo, na za mkiani huchungulia shoka la kushushwa daraja. Nambari moja na nambari mbili huvuka moja kwa moja hadi nusu fainali. Nambari tatu hucheza na nambari sita, ya nne na ya tano, na washindi hao wawili huwafuata wakubwa. Nusu fainali huchezewa nyumbani kwa waliomaliza juu. Huo ndio malipo ya miezi ya jasho: wiki moja ya kupumzika na uwanja uliouzoea. Malipo mengine hayapo. Mchezo unapoanza, ubao husoma sufuri kwa sufuri, hata kama mmoja alimaliza pointi 30 mbele ya mwenzake.

Hesabu hii huubadilisha mchezo wenyewe, na hapo ndipo mtazamaji mgeni hupotea. Chukua mfano wa timu iliyo nyuma kwa alama 10, zikiwa zimesalia dakika mbili, kisha inapewa adhabu mbele ya milingoti. Katika mechi ya kawaida ya ligi, nahodha mwenye akili huelekeza kidole kwenye milingoti. Mkwaju ule ukipita ni alama tatu, tofauti inashuka hadi saba, na timu inaondoka na pointi moja ya bonasi ambayo Machi yaweza kuwa tofauti kati ya nafasi ya sita na ya saba. Mashabiki wa nyumbani hupiga makofi ingawa wameshindwa.

Katika fainali, nahodha huyohuyo akifanya hivyo atazomewa. Hakuna bonasi ya kushindwa vizuri. Ataupiga mpira nje karibu na kona, atarusha mstarini, atajaribu kusukuma kundi lote hadi kwenye chaki apate trai ya alama tano, na ya mkwaju mbili zaidi, kisha aombe Mungu mpira urudi mikononi mwake kabla ya kipenga. Kinyume chake, mapema katika fainali timu huwa baridi kuliko kawaida. Adhabu ambazo Januari zingekimbizwa kwa haraka kutafuta trai ya nne, siku ya fainali hugeuzwa alama tatu tatu, taratibu, kama mtu anayeweka akiba.

Ndiyo maana fainali nyingi za raga si mechi nzuri zaidi za msimu. Ni ngumu zaidi, jambo ambalo ni tofauti.

Chimbuko la utaratibu huu ni la zamani. Mechi ya kwanza ya raga iliyowekwa katika kumbukumbu nchini Kenya ilichezwa mwaka wa 1909, kati ya maafisa wa serikali ya kikoloni na walowezi. Pande hizo mbili zilikuwa zikizozana kila siku juu ya ardhi, kodi na vibarua, na uwanja ukawa mahali pengine pa kuendeleza ugomvi kwa njia iliyokubalika. Bonde la Ufa ndilo lililokuwa kitovu cha walowezi hao. Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900, Lord Delamere akaanza majaribio yake ya ngano Njoro miaka michache baadaye, na mji wa Nakuru ukageuka soko, kituo cha gari moshi na mahali pa starehe kwa wazungu wa mashamba. Raga iliingia pamoja nao, na kwa miongo kadhaa Mwafrika aliiona kutoka upande wa nje wa ua.

Mlango ulifunguka taratibu kupitia shule na chuo kikuu. Mwaka wa 1977 ulikuwa wa kukumbukwa: Mwamba iliundwa kama klabu ya wachezaji Waafrika, na Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi ikatwaa Kenya Cup katika mwaka huohuo ilipoanzishwa. Rangi ya kombe ilikuwa imebadilika. Anwani yake ilibaki Nairobi hadi Wanyore walipokuja miaka 36 baadaye.

Mwaka huo wa 1909 una jambo jingine la kuvutia. Huko Canada, Gavana Mkuu Earl Grey alitoa kombe lishindaniwe na klabu za raga za nchi hiyo. Fainali ya kwanza ilichezwa Toronto tarehe 4 Desemba 1909, na Chuo Kikuu cha Toronto kikaifunga timu ya Parkdale 26-6. Kombe hilo, Grey Cup, hushindaniwa hadi leo. Mchezo wenyewe, hata hivyo, mtu wa Nakuru hangeutambua kuwa raga.

Michezo hiyo miwili ilitengana hatua kwa hatua. Mwaka wa 1874 wanafunzi wa McGill kutoka Montreal walisafiri hadi Harvard, Marekani, na wakakuta kwamba wenyeji wanatumia kanuni tofauti. Wakakubaliana kucheza mara mbili, siku moja kwa kanuni za Harvard na ya pili kwa kanuni za mtindo wa raga. Wamarekani wakaipenda raga, kisha wakaanza kuibadilisha. Badala ya skramu, ambamo pande zote mbili husukumana kugombea mpira, wakaipa timu moja haki ya kuumiliki. Baadaye ikatakiwa isogee umbali maalumu katika majaribio machache, la sivyo impe mwenzake. Canada ikafuata njia hiyo kwa mwendo wake. Kanuni za Burnside za mwaka wa 1903, zilizoanzia Ontario, zilipunguza wachezaji hadi 12 na kuleta majaribio matatu ya kusogea yadi 10.

Wacanada wamebaki na hayo matatu, ilhali Wamarekani wana manne na wachezaji 11. Uwanja wa Canada ni mrefu na mpana zaidi: yadi 110 kwa 65. Jambo la kuchekesha ni kwamba bao kubwa katika michezo hiyo bado huitwa kwa jina lenye maana ya kugusisha mpira chini, ingawa hakuna anayelazimika kuugusisha tena; kuvuka mstari kunatosha. Anayelazimika ni mwanaraga. Asipoukandamiza mpira ardhini ndani ya chaki, hana trai, hata angeucheza ngoma.

Pamoja na tofauti hizo zote, kitu kimoja hakikubadilika: bingwa wa Canada, kama bingwa wa Kenya Cup, hupatikana kwa fainali moja. Na fainali inayofundisha zaidi kuhusu uzuri na ukatili wa utaratibu huo ni ya tarehe 25 Novemba 2007, kati ya Saskatchewan Roughriders na Winnipeg Blue Bombers.

Hawa ni majirani. Mikoa yao inapakana katika nyanda za ngano za Canada, nchi tambarare ambayo mkulima wa Njoro au Mau Narok angeielewa kwa haraka, isipokuwa baridi yake. Kila mwaka, mapema Septemba, timu hizo hukutana katika wikendi ya Siku ya Wafanyakazi, na mashabiki wa Saskatchewan huja wamejivika matikiti maji yaliyochongwa mfano wa kofia. Lakini hazikuwa zimewahi kukutana katika fainali ya Grey Cup. Sababu ilikuwa ya kijiografia: kwa sehemu kubwa ya historia zimekuwa katika kundi moja la magharibi, na bingwa wa magharibi hukutana na bingwa wa mashariki. Mnamo 2007 ligi hiyo ilikuwa na upungufu wa timu upande wa mashariki, na Winnipeg ikawa imehamishiwa huko ili kusawazisha. Upungufu wa karatasi ndio uliozaa mechi ambayo majirani walikuwa wakiiota tangu zama za mababu.

Kisha ikaja bahati mbaya. Katika mechi ya kuamua bingwa wa mashariki, wiki moja tu kabla ya fainali, Kevin Glenn wa Winnipeg alivunjika mkono. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga mashambulizi na kurusha mipira, nafasi ambayo katika mchezo huo ni kama moyo katika mwili. Aliyeingia badala yake, Ryan Dinwiddie, hakuwa amewahi kuanza mechi hata moja katika ligi hiyo. Mechi yake ya kwanza ikawa fainali. James Johnson wa Saskatchewan alimnyang'anya pasi tatu, akachaguliwa mchezaji bora wa siku, na Saskatchewan ikashinda 23-19. Lilikuwa taji lake la tatu tu, baada ya yale ya 1966 na 1989.

Je, Saskatchewan ilikuwa bora kuliko Winnipeg mwaka ule? Ilikuwa bora siku ile. Mfumo wa fainali hauulizi swali jingine. Anayeupinga ana hoja nzito: kazi ya miezi mitano haipaswi kufutwa na mfupa wa mtu mmoja. Anayeutetea anajibu kwamba ligi ya pointi nayo yaweza kufa Aprili, bingwa akajulikana mapema, na mechi za mwisho zikachezwa mbele ya viti vitupu. Fainali huuza tiketi, huvuta kamera na wadhamini, na kwa chama cha raga chenye mfuko mwembamba hoja hiyo huwa na uzito kuliko zote. Kwa timu kutoka mji mdogo, isiyo na kikosi kipana cha kudumu mwaka mzima, fainali ni mlango pekee ambao mkubwa hawezi kuufunga kwa fedha peke yake.

Hata hivyo fedha husukuma sana. Tangu Wanyore waliposhuka kutoka kileleni, Kenya Cup imekuwa mali ya nyumba mbili. KCB, wanabenki wa Ruaraka, waliitwaa mwaka wa 2015. Kabras, wanasukari kutoka Kakamega, waliichukua 2016 kwa kuifunga Impala kwenye fainali. KCB wakarudi 2017, 2018 na 2019. Msimu wa 2019/20 haukumalizika kwa sababu ya janga la corona. KCB wakashinda tena 2021, kisha Kabras 2022 na 2023. Kabras wamefanya kile ambacho Nakuru walionyesha kuwa kinawezekana, yaani kulihamisha kombe kutoka Nairobi. Walichoongeza ni kiwanda nyuma yao.

Nakuru yenyewe inajua habari za viwanda. Katika miaka ya ubingwa, Wanyore walivaa jina la Top Fry, mafuta ya kupikia yanayotengenezwa na kampuni ya Menengai ya mjini humohumo. Katika meza za habari za michezo timu ilikuwa ikiandikwa "Top Fry Nakuru". Udhamini huo ulipokwisha, klabu ilirudi kwenye njia ya kale ya klabu za wanachama: ada, mapato ya mlangoni, baa ya klabu na mashindano ya wachezaji saba kila upande, Prinsloo Sevens, ambayo huleta umati katika uwanja wa Nakuru Athletic Club.

Kampuni ile haikuiacha raga. Kabla ya muongo wa 2010 kwisha, mji ulikuwa na timu ya pili katika Kenya Cup: Menengai Oilers, yenye maskani katika uwanja wa maonyesho ya kilimo na chini ya mkufunzi Gibson Weru. Mji mmoja ukawa na wapinzani wawili, mmoja mwenye historia na mataji, mwingine mwenye mdhamini na njaa ya kijana. Wachezaji wao wengi hutoka kisima kilekile: shule kama Menengai High, Nakuru High na Utumishi ya Gilgil, na Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro, ambacho timu yake huitwa Wasps. Kijana aliyesukuma skramu bega kwa bega na mwenzake darasani humkuta upande wa pili miaka mitatu baadaye.

Hapa ndipo swali la mfumo linapokuwa la Nakuru hasa. Katika miaka yote iliyotajwa, kuanzia 2015 hadi 2023, mechi ya Nakuru na Oilers haikuwa fainali ya Kenya Cup. Imekuwa mechi ya ligi, yenye heshima ya mtaa na pointi zisizozidi tano. Kwa hesabu ya jedwali, kumfunga jirani kuna thamani ileile ya kumfunga timu dhaifu kabisa ya mkiani. Mashabiki hawalikubali hilo, lakini jedwali halina masikio.

Ili majirani hao wakutane katika fainali, lazima mambo matatu yatokee pamoja. Kwanza, wote wamalize ndani ya sita bora. Pili, wapangwe katika pande tofauti za mchujo: wakimaliza wa tatu na wa sita, au wa nne na wa tano, watakabana wenyewe kwa wenyewe mapema na mmoja atarudi nyumbani. Tatu, kila mmoja amwondoe mkubwa njiani, na kwa aliyemaliza kuanzia nafasi ya tatu kushuka chini, mkubwa huyo huchezewa kwake, iwe Ruaraka au Kakamega. Winnipeg na Saskatchewan walihitaji ligi iwahamishie jirani mmoja upande wa pili. Nakuru haina pa kuhamishiwa.

Njia fupi zaidi ipo katika Enterprise Cup, kombe la kale lililotolewa na mabaharia wa manowari ya Uingereza HMS Enterprise katika enzi ya ukoloni. Hilo huchezwa kwa mtoano. Hakuna jedwali refu la kuwachosha wenye kikosi chembamba, na droo nzuri na Jumamosi tatu au nne za afya njema zaweza kuifikisha timu yoyote fainali. Ila hadhi yake kwa mashabiki wa leo haifikii ya Kenya Cup, na kocha mwenye wachezaji wachache mara nyingi huwapumzisha walio bora katika mechi zake.

Suala la uwanja nalo si dogo. Canada huteua mji mwenyeji wa fainali mapema, kabla haijajulikana nani atacheza. Mwaka wa 2013, mwaka ambao Wanyore walishinda mara ya kwanza, Grey Cup ilikuwa imepangiwa Regina, na ikatokea kwamba Saskatchewan, wenyeji wa Regina, ndio waliofika. Waliichapa Hamilton 45-23 mbele ya watu wao. Hakuna aliyeweza kulalamika, kwa kuwa uamuzi ulikwisha kufanywa zamani. Nchini Kenya uwanja wa fainali umekuwa ukizua mjadala kila mara, wengine wakitaka uwe wa aliyemaliza juu, wengine wakitaka uwanja usio wa yeyote.

Nakuru ina sifa za kuwa uwanja wa aina hiyo ya pili. Iko njiani kati ya Nairobi na magharibi, ina mashabiki wanaoujua mchezo hata timu yao isipokuwapo, na tangu tarehe 1 Desemba 2021 ina hadhi ya jiji. Iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi, kwa hivyo hakuna timu ya huko itakayosingizia mapafu. Kwa Kakamega iliyo chini zaidi tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko ile ya matatu iliyokwama Kericho asubuhi ya mechi.

Kwa klabu mbili za Nakuru, kazi ya kila msimu huanza na hesabu ndogo kuliko hizi zote. Nafasi ya sita ndiyo mstari wa uhai, na mara nyingi hulindwa kwa zile bonasi ambazo shabiki hazioni: trai ya nne inayofungwa dakika ya 78 mechi ikiwa imekwisha kuamuliwa, au mkwaju wa mwisho wa timu inayoshindwa, unaoipunguzia tofauti kutoka alama 10 hadi saba.